Miezi saba baada ya kupunguzwa tumbo, ukweni wanadhani naumwa. Nyie mlisemaje kwa ndugu?

MamaWaTabata:

Habari zenu wapendwa, mnisamehe uzi utakuwa mrefu kidogo ila hili sina pa kulisemea.

Mi ni mwanamke wa miaka 34, nimeolewa, nina mtoto mmoja, naishi Dar. Miezi saba iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, hii wanayoita sliivu, unakatwa sehemu kubwa ya mfuko kinabaki kitu chembamba kama ndizi. Siku naingia chumba cha upasuaji nilikuwa kilo 138 na urefu wangu ni sentimita 163. Presha ilikuwepo, sukari ilishaanza kupanda, magoti yanauma mpaka ngazi za kazini ghorofa ya pili tu napumzika mara mbili, na usiku nilikuwa nakoroma halafu pumzi inakata, mume wangu ananitikisa kwa woga anadhani nshaenda. Leo asubuhi nimepima niko 97. Dawa za presha daktari kaniachisha, usiku nalala fofofo, na juzi nimemkimbilia mwanangu barabarani nikamfikia. Sijutii hata siku moja.

Shida ni watu. Anayejua ukweli ni mume wangu na mdogo wangu wa kike basi. Wengine wote, kazini na ukweni, niliwaambia naenda kutolewa uvimbe. Niliona aibu, niliona watasema nimekata utumbo kwa uvivu. Sasa ule uongo umezaa. Kilo 41 zimeondoka na wao wanajua nilitolewa uvimbe, kwa hiyo wapo wanaosema ni kansa, na wapo wanaosema nimeukwaa. Fundi wangu wa nguo kanipunguzia gauni lilelile mara tatu, mara ya tatu kashika ile pini mdomoni akaitoa akaniuliza taratibu, dada uko sawa kweli?

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye arobaini ya baba mdogo wa mume wangu huko Mkuranga. Pilau likaja kwenye masinia, tukakaa wanawake sita sinia moja. Mnajua sinia lilivyo, pale huna sahani yako ya kuficha. Nikala matonge manne nikahisi kifua kimejaa, nikaacha mkono pembeni. Mkono wangu ulivyosimama na mikono mingine yote ikasimama, wote wananiangalia. Mama mkwe akanyofoa mnofu akausogeza upande wangu, kula mwanangu. Nikaona aibu nikala matonge mengine mawili na ule mnofu sikuutafuna vizuri. Dakika kumi hazikufika niko nyuma ya choo natapika na wifi yangu kaniona. Jumatatu mama mkwe kampigia mume wangu simu, mkeo mpeleke akapime, na kama ni mimba mniambie na kama ni kingine mniambie.

Sasa mwisho wa wiki ijayo anakuja kukaa kwetu mwezi mzima. Mama huyu anapika kwa mapenzi, kwake mtu akiacha chakula ni kama kamtukana. Nyie mliofanyiwa mlisemaje kwa ndugu zenu? Na mambo mengine mawili, nywele zinatoka mpaka nikichana naziokota kwa kiganja, je zitarudi? Na mama mkwe anataka mjukuu wa pili na mimi mwenyewe nataka, naweza kubeba lini?

kijana_wa_Temeke:

Pole dada ila mimi nauliza tu, si ungepunguza kula na kukimbia asubuhi? Watu wanapungua bila kukatwakatwa.

MamaWaTabata:

Nakujibu kwa heshima zote kaka. Nimekuwa mnene tangu niko darasa la sita. Nikiwa na miaka 26 nilijinyima miezi tisa, naamka saa kumi na moja natembea mpaka Buguruni narudi, mchana tango na yai, nikatoa kilo 19. Mwaka uliofuata zilirudi 25 na sikuwa nimerudi kula kama zamani. Njaa niliyokuwa nayo siwezi kuielezea, nilikuwa naota chapati usingizini. Hata kwenye daladala nimeshaambiwa nilipie siti mbili mbele ya watu wote nikalipa nikanyamaza. Mtu ambaye hakuwahi kuishi na mwili ule naomba asiuseme kirahisi.

Sauda_Kisauni:

Dadangu pole sana, wallahi hiyo ya sinia nimeiona kama niko hapo.

Mimi niko Mombasa, nilifanyiwa baipasi, ile wanatengeneza kifuko kidogo juu halafu wanakiunganisha na utumbo, sai huu ni mwaka wa tano. Nilitoa kilo 52, zikarudi kama saba hivi na hapo zimesimama. Na mimi pia nilificha. Nikafikiri nikivaa buibui hakuna atakayeona, lakini uso hauvai buibui, mashavu yaliingia ndani na shingo ikatoka. Jirani mmoja alikuja na maji ya zamzam kabisa kuniombea dua nipone, nikayapokea nikalia akishaondoka kwa sababu yule mama alikuwa na nia safi na mimi namdanganya.

Kilichonifichua ni harusi ya binamu yangu. Mwezi wa sita huo tangu operesheni. Ikaletwa haluwa, nami haluwa ndio ugonjwa wangu, nikasema kipande kimoja tu cha kidole. Na kahawa. Robo saa haikuisha moyo unakwenda mbio, jasho linanitoka mpaka kwenye vidole, kizunguzungu, tumbo linanikata, nikalazwa kwenye mkeka na wanawake wananipepea na mtandio huku mmoja ashaanza kusoma Yasin. Kumbe ndio ile daktari aliniambia, kwa sisi wa baipasi sukari ikishuka kwenye utumbo kwa kishindo mwili unapigwa namna hiyo. Basi siku hiyo mamangu akajua, na akajua mbele ya watu, na hilo la mbele ya watu ndilo lilimuuma kushinda vile nilikuwa nimefanya operesheni.

Kwa hivyo ushauri wangu, usimwambie kila mtu, hawana haki hiyo. Lakini yule atakayekupikia mwambie, na mwambie wewe mwenyewe kabla hajafungua jiko. Mtu anayekupikia bila kujua atakuumiza kila siku na kila siku atakuwa anakupenda.

NesiWaZamuYaUsiku:

Mdogo wangu pole na hongera kwa pamoja. Mimi ni nesi wodi ya upasuaji, sio daktari, kwa hiyo haya yachukue kisha umuone daktari wako aliyekupasua maana yeye ndiye anajua mfuko wako aliuacha vipi.

Nywele kwanza kwa sababu najua inavyotisha. Mwili ukipata mshtuko mkubwa na uzito ukashuka haraka, nywele nyingi zinaingia kwenye mapumziko kwa pamoja halafu zinadondoka kwa pamoja, kwa kawaida inaanza mwezi wa tatu hivi na inaweza kwenda miezi kadhaa mbele. Mara nyingi zinarudi. Ila kama damu yako ina upungufu wa madini chuma au zinki au protini hujaifikisha, zitachelewa, kwa hiyo kapime. Vipimo vya damu miezi sita ulifanya? Kama hukufanya nenda wiki hii usingoje. Madini chuma, B12, vitamini D, kalsiamu, foleti. Na vile vidonge vya vitamini ni vya maisha yote, naona watu wanaviacha mwaka wa pili wakijiona wazima halafu wanarudi kwetu wamepauka na ganzi miguuni. Madini chuma na kalsiamu usimeze pamoja, viachanishe kama saa mbili, na chai ile ya kushushia chakula iache maana inazuia chuma kuingia.

Protini wengi wetu tunaambiwa gramu 60 kwenda juu kwa siku, watu wakisikia hivyo wanakimbilia makopo ya unga ya bei mbaya. Sio lazima. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa kama 8, samaki au kuku kipande cha gramu 100 kinazidi 20, na dagaa wakavu ukiwasaga ukaweka kwenye mboga ni protini tupu. Anza na hiyo kwenye sahani, kisha mboga, ugali au wali uwe wa mwisho na kama umeshiba uache. Maji usinywe na chakula, subiri nusu saa.

Mimba: subiri ufikishe mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu tangu upasuaji, uzito uwe umetulia. Sasa hivi mwili wako unajila wenyewe, mtoto atakosa. Na nikwambie kitu ambacho wengi hawaambiwi, ukipungua hivi mayai yanaamka, wanawake waliohangaika miaka wanashika mimba bila kutegemea, kwa hiyo usiseme mi kushika mimba huwa nachelewa. Tumia njia ya uzazi wa mpango. Vidonge vya kumeza sivipendi kwa mtu anayetapikatapika, na kwa wa baipasi ndio kabisa, zungumza kuhusu kitanzi au kipandikizi. Na siku ukiamua kubeba, daktari ajue mapema upangiwe foleti na vipimo vya karibu.

La mwisho, kutapika. Ukila haraka ukatapika mara moja ile ya Mkuranga naielewa. Lakini ukitapika siku mbili tatu mfululizo hata maji hayakai usikae nyumbani, vitamini B1 inaisha haraka na ikiisha inaharibu mishipa ya fahamu. Na ukisikia maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu baada ya kula, waambie wakuangalie mawe kwenye nyongo, ukipungua haraka yanajitengeneza. Maumivu mengine ya kichwa na mgongo meza Panadol, hizi diklofenaki na Brufen za kununua duka la dawa kwa mazoea achana nazo, mfuko uliokatwa unapata vidonda kirahisi, na Dada Sauda wewe wa baipasi nakusisitizia zaidi.

Mwajuma_mpole:

Samahani naingilia, nesi hii ni sawa na lile puto wanaloweka Mloganzila? Mdogo wangu anataka.

NesiWaZamuYaUsiku:

Hapana mpendwa ni vitu viwili. Puto linapitishwa mdomoni kwa kamera linajazwa ndani ya mfuko wa chakula, hukatwi kitu, na baada ya miezi kadhaa linatolewa. Hii ya mwenye uzi sehemu ya mfuko imeondolewa moja kwa moja na hairudi, na ile sehemu iliyoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, ndio maana njaa yenyewe inapungua. Mdogo wako apimwe kwanza waone anafaa nini.

Bonge_la_zamani:

Dada mimi ni mwanaume, 46, nilifanyiwa sliivu India mwaka 2019. Nilikuwa 161 nikafika 102. Leo niko 124. Nimesita sana kuandika maana kwenye mada hizi tunaona picha za kabla na baada tu, sisi ambao zimerudi tunakaa kimya.

Mimi nilificha. Mke wangu alijua, wengine hakuna. Na kuficha kulikuja kuniumiza kwa namna ambayo sikuitegemea. Miaka miwili ya kwanza mfuko wenyewe ulinilinda, nyama kidogo nimejaa. Baadaye nikagundua vitu vya maji havijazi. Ugali unakaa, lakini uji wa sukari unapita, mtindi wenye sukari unapita, juisi ya miwa inapita, chai ya maziwa inapita. Nikawa narudi kazini saa nne usiku wameshalala, nakaa jikoni bila kuwasha taa kubwa, namimina chai kwenye chupa kikombe baada ya kikombe mpaka chupa inaisha, na andazi nalichovya linalainika linapita nalo. Hakuna aliyeniuliza kwa sababu hakuna aliyejua kuna kitu cha kuuliza. Na bia nayo, zamani nilikuwa nakunywa nne naendesha gari, baada ya sliivu mbili tu nimelewa kabisa maana inaingia kwenye damu haraka, na badala ya kuogopa nikaona ni raha, hapo ndipo nilipokaribia kupotea. Sasa hivi mwezi wa kumi na nne sijagusa.

Nimerudi kwa daktari mwaka jana. Nilidhani atanigombeza. Akaniambia unene ni ugonjwa wa kudumu kama presha, ukirudi unatibiwa tena, tukakaa na mtu wa lishe tukaandika ninachokunywa sio ninachokula. Nimeshusha sita. Nilimwambia na mwanangu mkubwa, ana miaka 19, sasa akikuta nimekaa jikoni usiku anakuja anakaa na mimi tunaongea mpira.

Kwa hiyo mimi nasema waambie. Sio wote, ila wawe wengi kuliko wawili.

Na kwa kijana wa Temeke, mdogo wangu sijakasirika, hata mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo kuhusu watu wengine.

Bibi_wa_Maskati:

Assalaam alaykum. Mie niko Maskati, asli yetu Unguja, umri wangu 51. Huku takmim, ndio tunavyoiita hiyo sliivu, si jambo la kufichwa, utamkuta mtu na dada yake na mke wa kaka yake wote wameshafanya, mkikutana mnaulizana umefika kilo ngapi. Mie nina miaka minne sasa. Lakini nilipokwenda Unguja kuwaona wazee nikawaambia kwa uwazi kama nilivyozoea huku, nilijuta. Shangazi yangu alinambia nimekata kiungo alichonipa Mungu, na mpaka leo akinipigia simu hamalizi bila ya kulitaja. Kwa hivyo mie siwafuati waliotangulia. Mwangalie mama mkwe wako ni mtu wa namna gani. Kama ni mwenye kutunza siri mwambie, kama maneno yake yanafika sokoni kabla yake, mwambie tu daktari amekukataza kula sana kwa sababu ya mfuko wa chakula, na hapo hujasema uongo.

Na kwa vile Ramadhani itakuja na mama mkwe atataka kujua kwa nini hufungi, mie mwaka wa kwanza daktari alinikataza, nililipa baadaye. Sasa nafunga. Nafungua kwa maji mafundo madogo madogo na tende moja, nangoja, kisha supu, kisha kipande cha samaki baada ya tarawehe. Kazi kubwa ni maji, kutoka magharibi mpaka daku nakuwa na chupa mkononi kama mtoto maana kwa mara moja hayaingii mengi.

Ngozi hujaiuliza lakini itakuja. Mikono yangu ya juu na tumbo vimelegea, chini ya tumbo panapata joto na fangasi, napakausha kwa kitambaa cha pamba kila nikioga na navaa nguo ya kubana. Mwanzo nilikuwa najiangalia kwenye kioo nalia, nimepungua na sipendezi. Muulize nesi huyo, ya kukata ngozi watu husubiri uzito utulie kwanza.

MamaWaTabata:

Nimerudi. Siku kumi zimepita, nimesoma kila mlichoandika zaidi ya mara moja na mume wangu nimemsomea. Kwanza vipimo nimefanya, madini chuma yako chini na vitamini D pia, nimeanzishiwa dozi, kalsiamu nameza usiku. Kitanzi nimewekwa juzi.

Mama mkwe alifika Jumamosi. Nilipanga kumwambia usiku tukitulia lakini alishuka tu na mfuko wa samaki wabichi na nazi tatu akaenda moja kwa moja jikoni, nikakumbuka dada Sauda alivyosema kabla hajafungua jiko. Nikamwambia mama naomba ukae kwanza. Akakaa kwenye kigoda cha mbuzi, nazi iko mkononi. Nikapandisha dera nikamwonyesha tumbo, yale makovu madogo matano, nikamwambia mama sina mimba, sina kansa na sijaukwaa, nilikatwa mfuko wa chakula kwa sababu ya unene na nilikudanganya.

Alinyamaza muda mrefu mpaka nikaogopa. Akanyoosha kidole akagusa kovu moja baada ya jingine. Halafu akaniuliza, na zile siku za mwanzo ulikuwa unakula nini? Nikamwambia wiki mbili vitu vya maji tu, supu iliyochujwa, maziwa, uji mwepesi. Akaniuliza, alikupikia nani? Nikamwambia dada wa kazi. Hapo ndipo alipolia. Alisema nina mkwe mmoja, kapasuliwa tumbo, na uji kapikiwa na mtu baki na mimi niko Mkuranga nina miguu yangu.

Dada Sauda hili la kujua mwishoni ndilo limemuuma hata yeye. Lile la kusema nimeharibu kiungo hajalitaja. Wifi bado hajui na mama kasema hatamwambia mpaka niseme mwenyewe, Bibi wa Maskati nimeufikiria ushauri wako kwa huyo.

Leo mchana kachemsha wale samaki kwa tui jepesi, kaitoa miiba yote kwa vidole, kaniwekea kwenye kile kibakuli cha mtoto na kijiko cha chai. Kakaa pembeni anatazama. Nilipoacha vijiko vitatu havijaisha, aliuliza tu, umeshiba? Nikasema nimeshiba mama. Akachukua kibakuli akala vilivyobaki.